Dalili za hatari jikoni: chanzo chake na la kufanya

Ajali nyingi za jikoni hutanguliwa na dalili iliyoonekana mapema, ikazoeleka. Mwali wa gesi ulikuwa wa njano tangu wiki iliyopita, plagi ya birika ilikuwa ikipata joto, kisu kilikuwa kikiteleza juu ya nyanya badala ya kuikata. Mwongozo huu unaanzia kwenye kile ambacho mpishi anakiona, anakinusa au anakihisi, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Gesi na kiporo vimepewa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa huko ndiko imani potofu zilikojaa.

Jiko linanuka gesi

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitu kilichooza huongezwa makusudi kiwandani ili mtu ajue kuna uvujaji. Ndani ya mtungi mna mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa karibu mara 1.5, butani kwa karibu mara 2. Kwa hiyo gesi ikivuja haipai juu. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya makabati na kuingia kwenye matundu ya maji machafu. Kufungua kidirisha cha juu peke yake hakuisaidii kutoka; mlango ndio unaoitoa. Ikishafika karibu asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha.

Harufu ikiwa kali na imejaa chumba:

1. Usiwashe wala usizime swichi yoyote. Cheche hutokea pande zote mbili, unapowasha na unapozima. Usitumie simu ukiwa ndani.
2. Funga gesi pale juu ya mtungi, si kwenye visu vya jiko (vile vya kuzungusha unapowasha moto) pekee.
3. Fungua milango, kisha madirisha, na watu wote watoke. Friji hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo msikawie ndani.
4. Ikiwa mtungi unaendelea kuvuja hata baada ya kufungwa na unaweza kuubeba bila kuhatarisha maisha, utoe hadi uwanjani ukiwa wima, mbali na mfereji, mkaa na magari.
5. Piga simu ukiwa nje: Zimamoto Tanzania ni 114, Kenya ni 999 au 112.

Harufu ikiwa ndogo lakini haiishi, chanzo kinatafutwa kwa povu, kamwe si kwa kiberiti. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo na nusu kikombe cha maji. Hakikisha visu vyote vya jiko vimefungwa, fungua gesi kwenye mtungi, kisha pakaza povu kwa sponji sehemu nne: regulata inapokaa kwenye mtungi, mpira unapoingia kwenye regulata, mpira wenyewe kwa urefu wake wote, na unapoingia kwenye jiko. Subiri dakika moja hivi. Mapovu yanayokua na kupasuka yanakuonyesha tundu lilipo.

Yakitokea mdomoni mwa mtungi, mara nyingi tatizo limekuja na mtungi mpya. Funga gesi, toa regulata, chungulia ndani ya valvu. Kuna pete ndogo ya mpira mweusi. Ikiwa imepasuka, imekauka au haipo kabisa, mtungi urudi kwa muuzaji. Kuziba kwa kipande cha mfuko wa plastiki au uzi ni kuahirisha moto. Angalia pia kama regulata ni ya valvu ya aina hiyo, maana regulata za kubofya haziko saizi moja, na ile inayokaa kwa kulazimishwa haijakaa.

Yakitokea kwenye ncha za mpira, kibanio kimelegea au mpira umetanuka. Ncha iliyokakamaa inaweza kukatwa sentimita 3 na kufungwa upya kwa kibanio cha skrubu, ilimradi mpira uliobaki haujivuti. Waya wa kufungia mafurushi hauwi kibanio. Yakitokea katikati ya mpira, hakuna cha kurekebisha, nunua mpya. Solotepu haizuii gesi. Mipira inayopita nyuma ya jiko au sakafuni karibu na ukuta huliwa na panya, na meno yao huacha vitundu ambavyo jicho halivioni mpaka povu lipite. Mipira mingi ina mwaka uliochapwa juu yake. Ukiukunja na kuona nyufa ndogo, muda wake umekwisha hata kama mwaka haujafika.

Povu lisipoonyesha kitu, na harufu hutokea wakati wa kuwasha tu, basi kosa ni la mpangilio: gesi inafunguliwa kwanza, kiberiti kinatafutwa baadaye. Kiberiti kiwake kwanza. Kwa jiko la kujiwasha, lisiposhika ndani ya sekunde 5, funga, subiri dakika moja, jaribu tena. Harufu huongezeka pia mtungi unapokaribia kuisha, kwa kuwa kile kiungo cha harufu hubaki kwa wingi mwishoni. Pima kwa povu hata hivyo.

Mwali wa njano na sufuria zenye masizi

Mwali wa gesi ukiwa mzima ni wa buluu, umetulia, na ncha zake zinaonekana wazi. Ukiwa wa njano na unayumba, gesi inaungua bila hewa ya kutosha. Matokeo yake gesi inaisha mapema, sufuria zinashika masizi, na kaboni monoksidi inajaa jikoni. Kuna nyumba ambako sufuria husuguliwa kwa steel waya kila siku na hakuna anayeangalia kichomeo.

Anza na kifuniko cha kichomeo. Mara nyingi kimekaa upande baada ya kufuta jiko. Kikae sawa, uone mwali ukibadilika papo hapo. Kama hakuna badiliko, jiko likiwa limepoa toa vifuniko, viloweke nusu saa kwenye maji ya moto na sabuni, visugue kwa mswaki wa zamani na uzibue matundu kwa sindano au pini. Kijiti cha meno hukatikia ndani. Kausha kabisa kabla ya kurudisha, kwa sababu maji yaliyobaki hufanya mwali urukeruke.

Ikiwa kichomeo ni safi na mwali bado ni wa njano, tazama chini ya jiko. Pale mrija wa kichomeo unapoanzia pana nafasi ya kuvuta hewa, na ndani yake buibui na mende hupenda kukaa. Brashi nyembamba ya chupa inatosha. Ila usiingize sindano kwenye jeti, ile njia ndogo kabisa ya shaba inayotoa gesi. Ukiitanua hata kidogo, gesi inayotoka inazidi hewa, na hapo umetengeneza tatizo lile lile kwa mkono wako.

Vimulimuli vya rangi ya machungwa vinavyotokea na kupotea si ubovu. Chumvi iliyomwagika au vumbi la unga hutoa rangi hiyo kwa muda.

Mwali unaoinuka juu ya kichomeo na kuvuma ni dalili nyingine kabisa: msukumo wa gesi umezidi. Majiko ya nyumbani hutumia takriban milibari 30. Regulata za presha kubwa, zinazouzwa kwa ajili ya majiko ya kukaangia chipsi na ya mahoteli, hazifai hapa hata kama zinaingia vizuri.

Mwali ukizimika kila ukiachia kisu cha jiko lenye kizima-gesi cha usalama, shikilia kisu kikiwa kimebonyezwa kwa sekunde 5 hadi 10 baada ya moto kushika. Ukiendelea kuzimika, futa masizi kwenye kile kijiti cha chuma kilicho pembeni ya moto. Kisipopata joto, hufunga gesi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Oveni ndiyo inayounguza nyusi. Fungua mlango wa oveni kabla ya kufungua gesi, na ikikataa kuwaka, uache mlango wazi dakika kadhaa ndipo ujaribu tena.

Mtungi unatoa jasho la baridi na moto unafifia

Gesi haijaisha. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili igeuke kuwa hewa inahitaji joto, ambalo inalivuta kutoka kwenye chuma cha mtungi. Mtungi wa kilo 6 ukilisha kichomeo kikubwa kwa saa nyingi, kama wakati wa kupika pilau la sherehe, unapoa kuliko unavyoweza kupata joto. Butani hupoteza nguvu ya kuchemka ikikaribia nyuzi 0 za selsiasi. Asubuhi za baridi za Njombe au Limuru hali hii hujitokeza mapema zaidi.

Punguza moto, pumzisha mtungi, au kwa kazi kubwa tumia mtungi mkubwa. Yapo matatu yanayofanywa sana na hayafai: kuuweka kwenye beseni la maji yanayochemka, kuulaza chini, na kuupindua. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regulata na mpira, na kikigeuka kuwa gesi kinatanuka zaidi ya mara 200. Jiko linaweza kutoa mwali mrefu wa ghafla.

Kama unataka kujua gesi iliyobaki, pima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chenyewe, na tofauti ndiyo gesi uliyo nayo. Mtungi mpya wa kilo 6 usipofikisha uzito wa chuma kuongeza kilo 6, una haki ya kuukataa pale pale dukani.

Kichwa kinauma kila unapopikia mkaa

Hapa wengi hukosea kwa kufikiri moshi ndio hatari. Moshi huwasha macho na kumfukuza mtu. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi. Mkaa uliokolea ukawa mwekundu, bila moshi hata kidogo, unaitoa kwa wingi. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana mtu huishiwa pumzi ilhali anapumua vizuri.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Zinafanana na malaria, na mtu huweza kumeza dawa ya malaria kisha akarudi kukaa penye jiko lile lile. Tofauti inajulikana kwa maswali matatu. Je, wanaumwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja? Nafuu inakuja mtu akitoka nje kwa nusu saa? Kuna homa? Jibu likiwa ndiyo, ndiyo, hapana, mshuku jiko kwanza.

Toa jiko nje, si mtu peke yake. Aliyezirai, anayechanganyikiwa au mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu matibabu ni oksijeni. Kwa mapishi ya kila siku, jiko liwashwe nje hadi mkaa ushike, na likiingia ndani pawepo na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu upande wa pili. Kufungua dirisha moja bila mlango kunazungusha hewa ile ile. Jiko la kuota moto chumbani usiku, mlango umefungwa, halina namna salama ya kutumika.

Mafuta yanaruka, yanatoa moshi, au yameshika moto

Mafuta yenyewe hayaruki. Maji ndiyo yanayoyarusha. Tone la maji likizama kwenye mafuta yenye nyuzi 180 hugeuka mvuke mara moja na kutanuka takriban mara 1,700. Samaki aliyeoshwa muda huo huo, viazi vilivyotoka kwenye maji, kuku mwenye barafu tumboni, wote ni chanzo kimoja. Futa samaki kwa kitambaa safi au karatasi, viazi vitandaze viache maji, kuku wa friza ayeyuke kabisa. Ingiza chakula taratibu kikianguka kuelekea mbali nawe. Chumvi huvuta maji juu ya nyama, kwa hiyo ukiipaka mapema, futa tena kabla ya kukaanga.

Mafuta yasizidi nusu ya kina cha karai, na theluthi moja ni bora kwa viazi kwa sababu hutoa povu jingi. Ukitaka kujua kama yamefikia, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikizunguka mwiko kwa utulivu, tia chakula, vikichemka kwa fujo, punguza moto. Moshi wa buluu ukianza kupanda, mafuta yamepita kiasi na yanaelekea kushika moto. Zima, usitie kitu, subiri. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hutoa moshi mapema kuliko mapya, hivyo joto lililokuwa salama wiki jana leo si salama.

Yakishika moto: zima jiko kama unafikia kisu cha jiko bila kupitisha mkono juu ya mwali, funika karai kwa mfuniko au sinia la chuma ukilisukuma kutoka upande wako, na uliache limefunikwa mpaka lipoe kabisa. Ukifunua baada ya dakika mbili, hewa inaingia na moto unarudi. Maji ni mwiko kabisa, kwa ile hesabu ya mara 1,700. Kubeba karai linalowaka kulipeleka nje huishia kwa mafuta kumwagikia miguu. Unga wa ngano usirushe, unawaka. Ikiwa mwali umeshapita ukubwa wa karai, toka, funga mlango, piga simu.

Aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipo bomba, mmiminie taratibu kwa kikombe, maji ya kawaida, si barafu. Pete na bangili zivuliwe kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, ute wa yai, chumvi na unga huzuia joto kutoka na huleta uchafu kwenye kidonda ambacho daktari atalazimika kukisafisha kwa maumivu. Malengelenge yasipasuliwe. Hospitali ni lazima kwa uso, viganja, sehemu za siri, kwa mtoto mdogo, na kwa eneo lolote kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua.

Presha kuka haipandi, au inanyamaza ghafla

Isipopanda, mvuke unatorokea mahali. Tazama mpira wa mfuniko: ukiwa umekakamaa, umenyooka au una nyufa, badilisha. Ukiwa mzima, huenda umepinda wakati wa kufunga au kuna punje ya wali kwenye ukingo. Sababu ya pili ni maji machache mno; bila maji hakuna mvuke.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Presha kuka iliyokuwa ikitoa mvuke ikanyamaza ghafla huku moto ni mkali, tundu lake limeziba. Maharage na dengu hutoa povu na maganda yanayopanda hadi kwenye tundu hilo. Zima moto na uondoke karibu. Usigonge uzito uliokaa juu ya tundu, usijaribu kufungua. Ipoe yenyewe. Ndani yake, kwa presha ya kawaida, maji yako kwenye nyuzi 120 hivi, na mfuniko ukifunguka yote yanachemka kwa mkupuo.

Ili isitokee tena: chakula na maji visizidi theluthi mbili ya chombo, na kwa maharage nusu. Ongeza kijiko cha mafuta kupunguza povu. Kila kabla ya kufunga, inua mfuniko kuelekea kwenye mwanga na uchungulie tunduni. Usipoona mwanga, zibua. Kile kizibo kidogo cha usalama kikifyatuka, kinunuliwe kingine cha aina ile ile. Kukipachikia msumari au kukiziba kwa gundi kunaacha mfuniko kuwa ndiyo njia pekee ya mvuke kutoka.

Unajikata mara kwa mara

Kisu butu ndicho mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa kinataka nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki. Jaribu kwenye ganda la nyanya mbivu bila kukandamiza: kikiteleza, kinoe. Kikiwa kikali na bado unajikata, angalia ubao. Ubao unaosogea hutulizwa kwa kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa, kikitandazwa chini yake. Kisha angalia mkono ulioshika chakula. Ncha za vidole zikunjwe kwa ndani, pingili ndizo zielekee kisu.

Wengi wetu hukatia sukuma wiki na mchicha mkononi, kisu kikija kuelekea kidole gumba. Ni ujuzi na unapendeza kuutazama, ila makovu yanayopatikana kwa namna hiyo huwa mahali pamoja: tumbo la kidole gumba. Kukunja majani yawe fundo na kuyakatia ubaoni kunatoa ulaini ule ule.

Nazi ina makosa yake. Wanaoipasua kwa makali ya panga huku wameishika mkononi wanategemea bahati. Ipige kwa mgongo wa panga, ukiizungusha baada ya kila pigo, hadi ufa uzunguke kiuno chake. Kwenye mbuzi, vidole huumia nyama inapokuwa imekwisha na mkunaji anaendelea kutafuta iliyobaki ukingoni. Ukianza kuona chenga za kahawia, acha. Hazina tui la kukufaa na meno ya mbuzi yako karibu na kidole. Mbuzi ikunjwe mara tu kazi ikiisha, kama kuna watoto wanaotambaa.

Kisu kinachoanguka kiachwe kianguke. Na kisizamishwe kamwe kwenye beseni la povu, kwa sababu anayeosha ni mwingine.

Tumbo kuvurugika baada ya chakula cha nyumbani

Watu hulaumu chakula cha mwisho walichokula, na mara nyingi kinaonewa. Saa ndiyo inayokuelekeza kwenye chanzo.

Kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 6: mshuku wali, tambi au viazi vilivyokaa, au chakula kilichoshikwa kwa mikono baada ya kuiva, hasa na mtu mwenye kidonda au jipu mkononi. Kwa wali, mhusika ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani ukiwa vuguvugu, huchipua na kuacha sumu ambayo moto hauiondoi. Hapa ndipo kauli ya «nitaupasha vizuri» inapokosea: kupasha kunaua bakteria, sumu inabaki. Wali wa kiporo uliolala juu ya meza usiku kucha katika joto la Dar es Salaam au Mombasa haurekebishiki, hata ukikaangwa upya kwa mafuta ya moto.

Kichefuchefu na kutapika saa 1 hadi 3 baada ya maharage mekundu: hayakuchemka sawasawa. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu, lakini kwa joto la chini, kama nyuzi 80, huweza kuongezeka. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa fujo dakika 10 hadi 30, ndipo upunguze moto. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhia joto kuokoa mkaa wasikose hatua hii. Kikapu huivisha, hakichemshi.

Tumbo kusokota na kuhara bila kutapika, saa 6 hadi 24: mchuzi wa nyama uliopikwa kwenye sufuria kubwa ukapoa taratibu. Katikati ya sufuria ya lita 20 hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata ikiwa ndani ya friji.

Kuhara pamoja na homa, siku 1 hadi 5 baadaye: kuku, mayai, au ubao uliokatia kuku kisha kachumbari. Mara nyingi chakula cha leo hakihusiki. Tenga ubao wa nyama mbichi, au kachumbari ikatwe kwanza na kuku mwishoni. Kuku akioshwa chini ya bomba, matone hurukia vyombo vilivyo jirani. Kama ni lazima aoshwe, awe ndani ya beseni, taratibu, kisha beseni na sinki visafishwe kwa sabuni na maji ya moto. Ameiva akifika nyuzi 74 penye nyama nene. Bila kipimajoto, chana penye kiungo cha paja: maji yatoke meupe na nyama iachie mfupa.

Kinga ya kiporo ni kukipoza haraka. Wali utandazwe kwenye sinia usizidi kina cha sentimita 5. Mchuzi ugawanywe kwenye vyombo vidogo, au sufuria ikae ndani ya beseni la maji baridi huku unakoroga. Uingie kwenye friji ndani ya saa 2, na saa 1 siku za joto linalozidi nyuzi 32. Hotpoti hutunza chakula cha moto mpaka watu wale, haikilazi hadi asubuhi. Kikishuka chini ya nyuzi 60, bakteria huanza kazi mle ndani. Pasipo friji, jawabu la uhakika ni kupika kiasi kinacholiwa. Ile desturi ya kuchemsha mchuzi jioni na tena alfajiri husaidia mchuzi, haiusaidii wali.

Anayeharisha apewe maji ya ORS kidogo kidogo. Damu kwenye choo, mtoto aliyelegea, macho kuingia ndani, au choo kama maji ya kuoshea mchele: hospitali, bila kusubiri kesho.

Jiko la umeme au sufuria inapiga shoti

Zima ukutani, si kwenye jiko. Chanzo cha kawaida ni koili iliyopasuka pamoja na waya wa ardhi uliokosekana. Plagi ya miguu miwili iliyoingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu haina ardhi kabisa. Jiko lisitumike hadi fundi apime ardhi ya nyumba na kubadilisha koili. Kuvaa ndala wakati wa kupika si marekebisho.

Plagi ikipata joto au kuwa na rangi ya kahawia, inagusa vibaya au imezidiwa. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea karibu 9, hivyo birika na jiko la wali kwenye ekstensheni moja ya ampea 10 huvuka mpaka. Kila kimoja kipate soketi yake ya ukutani.

Mikono inawaka pilipili

Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana kunawa maji matupu husambaza tu. Paka mafuta ya kupikia kwenye vidole na kucha kwa dakika moja, kisha nawa kwa sabuni ya vyombo, rudia mara mbili. Mboni za macho zisiguswe na mkono uliokatia pilipili mpaka siku ipite, na lenzi za macho zitolewe kabla ya kukata.